James Chuma, Mnyapara Aliyeuleta Mzigo Bagamoyo



Kutoka hapa Zinga hadi Bagamoyo mjini ni mwendo mfupi wa daladala. Ukifika Misheni utaukuta mnara wa mawe, mabaki ya kanisa la mwanzo la Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ile mwaka 1868. Watu wanauita Mnara wa Livingstone. Wageni huambiwa kwamba usiku wa tarehe 24 Februari 1874 mwili wa Daktari David Livingstone ulilala pale kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na kisha Uingereza. Habari hiyo ni ya kweli na inafaa kusimuliwa. Lakini maiti haitembei. Mtu aliyekufa karibu na ziwa Bangweulu, katika nchi inayoitwa Zambia leo, alibebwa na watu kwa miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,600, hadi mchanga wa pwani yetu. Leo nataka tumtazame mmoja wa viongozi wa watu hao, James Chuma.

Chuma alikuwa Myao, alizaliwa karibu mwaka 1850. Akiwa mtoto alikamatwa na kuuzwa, na mwaka 1861 alikuwa katika msafara wa watumwa waliofungwa shingo wakipitishwa nyanda za juu za mto Shire, Malawi ya leo. Livingstone na Askofu Mackenzie wa misheni ya Kianglikana ya UMCA walikutana na msafara ule, wachuuzi wakakimbia, kamba zikakatwa. Watoto wasiokuwa na pa kurudi walichukuliwa na misheni pale Magomero. Askofu Mackenzie alikufa kwa homa mapema mwaka 1862 na misheni haikudumu. Mwaka 1864 Livingstone alivuka bahari na meli yake ndogo, Lady Nyassa, kutoka Unguja hadi Bombay, na kati ya mabaharia wake walikuwamo Chuma na mwenzake Wikatani, vijana wasiojua bahari, pamoja na mtu mzima zaidi kutoka Shupanga kwenye mto Zambezi, jina lake Abdullah Susi. Huko Bombay Chuma alisoma katika shule ya misheni ya Waskoti na akabatizwa kwa jina la James. Hakuwa Mkatoliki, na sitajaribu kumfanya Mkatoliki leo.

Mwaka 1866 alirudi Afrika katika msafara wa mwisho wa Livingstone, ulioanzia upande wa Rovuma. Ule msafara ulikuwa mchanganyiko wa ajabu: askari wa Kihindi, watu wa kisiwa cha Nzwani wakiongozwa na Musa, vijana wa Kiafrika waliokombolewa na kusomeshwa Nasik kule India, na hawa wachache wa zamani. Haukushikamana. Askari walirudishwa pwani. Musa na wenzake walitoroka, wakafika Unguja na kutangaza kwamba bwana ameuawa, maana mtu aliyekimbia kazi anahitaji hadithi nzuri ili adai mshahara wake. Wikatani alikuta jamaa zake karibu na Ziwa Nyasa akabaki nao.

Mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda Bangweulu, wengi wa waliobaki waligoma. Walikuwa wamechoka. Chuma naye aligoma, na bwana wake aliandika katika daftari kwamba kijana alikuja na macho mekundu kwa bangi. Nimeona wanaosimulia maisha yake wakiiruka sehemu hii. Mimi siiruki, kwa sababu ndiyo inayoeleza mengi ya baadaye. Miezi kadhaa baadaye Livingstone aliporudi, aliwapokea wote waliomwacha. Aliandika kwamba naye ana kasoro zake, na kwamba kuchoka kwao hakukumshangaza kwani yeye mwenyewe amechoka. Hakuwaweka chini ya wale wachache waliomfuata. Chuma akarudi kazini.

Wengi tumesoma mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20, tukakasirika kimoyomoyo pamoja na wale wa asubuhi. Waliofanya kazi kutwa nzima wanapokea sawa na waliokuja jioni. Katika mahubiri tunakimbilia kusema kwamba ni habari ya uzima wa milele, si ya mishahara. Ni kweli. Lakini wanaosikiliza wanabaki na swali lao, na wana haki ya kuwa nalo: je, anayefanya kazi zaidi hatavunjika moyo? Mwenye shamba katika mfano ule hakumnyang'anya mtu wa asubuhi hata senti, alimlipa walichopatana. Alichokataa ni kumruhusu apime fungu lake kwa kuangalia fungu la jirani. Livingstone mwaka 1868 alifanya jambo la namna hiyo, na miaka mitano baadaye faida yake ikaonekana, yeye akiwa maiti.

Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji. Baadaye, kutoka pwani, alimpelekea watu wapya zaidi ya hamsini, wakiwamo vijana wengine wa Nasik kama Jacob Wainwright aliyejua kusoma na kuandika Kiingereza vizuri. Kwa hiyo msafara wa mwisho ulikuwa na wazee wa kazi watano tu: Susi, Chuma, Amoda, Mabruki na Gardner. Waliobaki walikuwa watu wa mkataba, walioandikwa kwa mshahara. Walikuwamo Waislamu na Wakristo, wasomi wa Nasik na wapagazi wasiojua herufi, na wanawake akina Halima, mpishi wa bwana, na Ntaoeka.

Mapema mwezi Mei mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo, Livingstone alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Hebu fikiri hali ya watu wale. Aliyewaandika kazi amekufa. Pwani iko mbali mno. Mwenye kulipa hayupo, na hakuna hakika kwamba wakifika atatokea mwingine wa kuwalipa. Zaidi ya hayo, kurudi bila mzungu wenu kulikuwa na hatari ya kushitakiwa kwamba mmemuua au mmemtelekeza, hasa baada ya uongo wa Musa. Kila mmoja angeweza kubeba kitambaa na shanga alizoweza na kushika njia yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu rahisi.

Susi na Chuma waliita watu wote. Hawakujitangaza wakubwa. Walieleza hali ilivyo, kisha wale wengine wakasema kwamba wao wawili ndio wazoefu wa safari na ndio watakaowaongoza. Chuma alikuwa na miaka kama ishirini na mitatu. Ndipo wakafanya jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hotuba yoyote: walifungua masanduku ya marehemu mbele ya watu, Jacob Wainwright akaandika orodha ya kila kilichokuwamo, ili watu wote wabebe dhamana pamoja na asitokee wa kusema baadaye kwamba fulani ameiba.

Nimekaa na kamati za parokia kwa zaidi ya miaka ishirini, na naweza kusema kwamba vikundi vichache sana vimekufa kwa sababu ya umaskini. Kwaya moja, ambayo sitaitaja, ilirekodi nyimbo nzuri, ikauza, ikaalikwa kila kona. Ilivunjika mwaka ule ule. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi na hakuna aliyethibitishwa kuwa mwizi. Viongozi watatu walijua kiasi kilichoingia, na waimbaji arobaini hawakujua. Basi.

Wavuvi wa huku Zinga na Mlingotini wanaifahamu hesabu hii kuliko mapadre. Chombo kikirudi, hutolewa kwanza gharama za mafuta na chakula, kisha fungu la tajiri mwenye chombo na nyavu, na kinachobaki hugawanywa kwa mabaharia, nahodha akiwa na cha ziada. Mgawo hutofautiana chombo kwa chombo, na baharia anaukubali kabla ya kupanda. Wengi wao hawana neno na ukubwa wa fungu la nahodha. Wanajua usiku wa upepo nani alikuwa ameshika usukani. Ugomvi huanza samaki wanapouzwa na baharia hakuwepo kusikia bei.

Turudi Chitambo. Wote waliamua kwamba mwili uende pwani. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, ndiye aliyepasua. Moyo na matumbo vikazikwa chini ya mti, Jacob akasoma sala za maziko na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani majuma mawili, ukafungwa kwa kitambaa, gome la mti na turubai, ukawa mzigo wa kuning'inizwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili. Ndipo safari ikaanza.

Si safari ya malaika. Siku chache tu baada ya kuondoka, ugonjwa uliwaangusha wengi, Susi akiwamo, wakakaa karibu mwezi mzima bila kusonga, wengine walikufa. Katika mji mmoja ugomvi uliishia kwenye mapigano, na damu ilimwagika. Sisemi kwamba walikuwa na haki katika kila hatua. Nasema kwamba walipokuwa wagonjwa hawakuachana. Aliyeweza kubeba alibeba, asiyeweza alingojewa, na posho ya kitambaa na shanga ikaendelea kuwa ya wote.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Mfalme Daudi. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 30, Daudi anawafuata Waamaleki akiwa na watu 600. Wanapofika kijito cha Besori, 200 wanashindwa kuvuka kwa uchovu, wanabaki na mizigo. Wale 400 wanashinda na kurudi na mateka mengi, na baadhi yao wanasema waliobaki wapewe wake na watoto wao tu, waende zao. Daudi anakataa. Anaamua kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyelinda mizigo yawe sawa, na uamuzi huo ukawa sheria katika Israeli. Wanaonung'unika Maandiko hayawaiti wavivu. Walikuwa wapiganaji kweli. Yanawaita waovu. Daudi aliona kwamba nyara hazikutoka katika misuli yao peke yake, na kwamba jeshi linalowaacha waliochoka kijitoni leo litakosa watu wa kulinda mizigo kesho.

Mwezi Oktoba 1873 Chuma alitangulia na wenzake wachache hadi Unyanyembe, Tabora ya leo, na barua iliyoandikwa na Jacob. Alimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron, kwa nia njema nadhani, aliwashauri wazike mwili pale pale. Njia ya mbele ilikuwa na hatari. Hapa kiongozi wa kuajiriwa angeshukuru na kuweka mzigo chini, maana amepata mkubwa wa kumpa ruhusa. Wao walikataa. Cameron alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu, nao waliona uchungu, lakini mwili hawakuuacha.

Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji walikataa maiti ipite katika nchi yao. Basi Chuma na wenzake wakatengeneza mzigo wa uongo wenye umbo la maiti, na wanaume wachache wakaondoka nao kwa heshima zote kama wanaorudi kuzika Unyanyembe, kisha porini wakautupa vipande vipande na kurudi kwa siri. Mwili wenyewe ulifungwa upya ukaonekana kama robota la kitambaa. Mwalimu wangu wa maadili seminari angekuwa na la kusema kuhusu udanganyifu huo. Mimi ninaona zaidi kwamba hila ile ilijulikana na watu kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyeiuza, ingawa wakati ule kila mwenye siri ya namna hiyo angepata mnunuzi.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Wapagazi walioteremka kutoka bara kwa kawaida walipiga vigelegele na bunduki wakifika hapa; wengi husema jina lenyewe la mji linatokana na kubwaga moyo, kupumzika na mzigo. Wapo pia wanaosema kwamba mtumwa ndiye aliyeubwaga moyo wake hapa kwa kukata tamaa. Chuma alikuwa na haki ya tafsiri zote mbili.

Kapteni Prideaux, aliyekaimu ubalozi wa Uingereza kule Unguja, aliwalipa mishahara yao na kuwaruhusu waende. Meli ya kivita ikauchukua mwili. Watu waliobeba kwa miezi tisa walibaki pwani wakiitazama ikiondoka, kisha wakatawanyika kutafuta msafara mwingine wa kuandikwa. Aliyepanda meli hadi Uingereza ni Jacob Wainwright, kwa gharama za chama cha kimisionari kilichokuwa na uhusiano na shule yake. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, na Jacob alikuwa kati ya walioshika jeneza. Sina neno na Jacob. Alifanya kazi yake, na ile orodha ni mkono wake. Lakini Susi na Chuma, waliochaguliwa na wenzao kuongoza, hawakuwapo. Baadaye mwaka huo rafiki wa Livingstone aitwaye James Young aliwalipia nauli, wakafika Uingereza maziko yakiwa yamekwisha. Walikaa na Mchungaji Horace Waller wakimsaidia kuandaa daftari za mwisho za marehemu kwa uchapaji, wakimweleza majina ya mito na nani alisema nini wapi. Bila wao, nusu ya kitabu kile isingeeleweka. Walitengeneza pia mfano mdogo wa kibanda alichofia bwana wao.

Chama cha Kifalme cha Jiografia kikatoa nishani 60 za fedha, moja kwa kila mtu wa msafara. Kwa kweli lilikuwa wazo zuri, karibu na sheria ya Daudi: mpishi na kiongozi nishani moja. Susi na Chuma walipokea zao. Nyingine zilipofika Unguja, wengi wa wenye haki nazo hawakupatikana, maana walikuwa wamekwisha ondoka na misafara mingine bara. Heshima ilipangwa sawa na ikachelewa. Nimewahi kuona vyeti vya shukrani vikisomwa kanisani kwa majina ya watu waliokwisha hama parokia, na kila mara nawafikiria wapagazi hawa.

Maisha ya Chuma hayakuishia kwenye jeneza la mtu mwingine. Alirudi Unguja akawa mnyapara mkuu aliyetafutwa kuliko wote. Aliongoza misafara ya Askofu Steere wa UMCA, pamoja na ule wa mwaka 1876 uliopeleka watu waliokombolewa utumwani kwenda kuanzisha makazi Masasi; wajukuu wa wajukuu wao wapo mpaka leo. Mwaka 1879 Chama cha Jiografia kilimtuma Keith Johnston kutafuta njia kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa na Tanganyika, na Chuma akachagua wapagazi, kama 150. Mwezi Juni Johnston alikufa kwa ugonjwa Behobeho. Kwa mara ya pili Chuma alikuwa na mzungu aliyekufa na msafara mikononi. Msaidizi, Joseph Thomson, alikuwa kijana wa miaka 21 asiyeijua Afrika. Thomson aliendelea, wakafika maziwa yote mawili, na Julai 1880 wakarudi Bagamoyo. Alijivunia kwamba amerudi na karibu watu wake wote, katika zama ambazo misafara ya wengine iliacha mifupa njiani. Katika kitabu chake alimsifu sana Chuma: mchangamfu, mjuzi wa lugha nyingi, anayemfahamu kila mpagazi wake, hodari wa kusimulia hata akatia chumvi kidogo.

Ninachokiona mimi ni kwamba jina la Chuma pwani lilikuwa dhamana. Mpagazi alikuwa na mabwana wengi wa kuchagua, na alisikia mapema nani anapiga, nani anakata posho, na nani hafi na watu wake. Wale waliojiandikisha kwa Johnston hawakumjua Johnston.

Mwaka 1881 alikwenda tena na Thomson upande wa Rovuma, safari hii kwa kazi ya Sultani Barghash aliyetaka kujua kama kuna makaa ya mawe. Mwaka uliofuata Chuma akafa Unguja, miaka thelathini na kidogo tu. Susi alikuwa amekwenda Kongo na Stanley. Aliporudi aliendelea kuwatumikia wamisionari wa UMCA, na mwaka 1886, mzee aliyebeba jina la Abdullah maisha yake yote, aliomba ubatizo. Jina alilopewa ni Daudi. Alifariki mwaka 1891.